Mtoto Aliyetembea Mpaka Mlangoni

Kazini nalipwa ili nisiwaamini watu. Ni kampuni ya bima, na mtu akidai kwamba gari lake limejiwasha moto lenyewe, au friji yake imeungua mara tu umeme uliporudi baada ya mgao, faili lake huja mezani kwangu nami humtafutia sababu ya kukosa malipo. Naipenda kazi hii kuliko inavyofaa. Mama yangu kule Nakuru husema nilizaliwa na udaku, Johannesburg ikaja kunipa mshahara wa kuutumia.

Kwa hiyo hakuna anayenijua aliyeshangaa nilipoanza kufuatilia habari za mtoto aliyepotea zamani. Mambo yalianzia saluni, huko Hillbrow, ghorofa ya pili ya jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla mimi sijafika nchi hii. Wakenya wenzangu, watu wa mabenki na vyuo vikuu, wanadhani nina kasoro kichwani kwenda kusukwa Hillbrow wakati karibu na kwangu kuna saluni zenye kahawa na viti vya ngozi. Mimi huwajibu kwamba kahawa haijawahi kumsuka mtu. Msusi wangu ni Mkongomani wa Lubumbashi, mwenye vidole vyepesi na maoni mazito, na ananiita Yaya, yaani dada mkubwa, ingawa nina hakika amenizidi umri. Sijawahi kumbishia. Mtu aliyeshika kichwa chako si wa kubishana naye.

Siku hiyo nilikuwa nasukwa rasta ndogo ndogo, zile zinazokumalizia Jumamosi nzima, nikawa napitisha wakati kwa simu. Nikaangukia kundi la watu wanaojadili kesi za zamani ambazo hazikupata jibu. Kesi iliyokuwa juu kabisa ilikuwa ya mtoto wa kike wa miaka sita. Desemba moja, miongo kadhaa iliyopita, mama yake alimpeleka katikati ya jiji letu hili kununua viatu vya shule. Muuzaji akamvisha viatu vipya, akamwambia vile wauza viatu wanavyowaambia watoto wote: tembea mpaka mlangoni uone kama vinabana. Mtoto akatembea mpaka mlangoni. Hakurudi. Viatu vyake vya zamani vilibaki pale chini mbele ya kiti.

Nilimsomea msusi kwa sauti. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu, na mikono ile haisimami hata taa zikizimika.

"Na mulango ilikuwa wazi?" akauliza.

Tangu siku hiyo kesi ikawa yetu. Tulimwita yule msichana "mtoto wetu", na kila nilipokwenda kusukwa tulimrudia pale tulipomwachia. Mimi nilikuwa na hakika amekufa. Jiji lilifurika watu, barabara ilikuwa mbele ya mlango, na mtu asiyeonekana kwa miaka yote hiyo bila hata tetesi moja, katika kazi yangu, hatumhesabu miongoni mwa walio hai. Nilisema hivyo kwa raha zangu, kama mtu anayetabiri mvua.

"Yaya, weye unapenda batu bakufe," msusi alinijibu. "Sikia. Kuko mama moja hakukuwa na mutoto. Akaona ile mutoto ku mulango, mutoto muzuri, viatu vya mupya. Akamubeba. Ni vile tu."

"Amwibe mchana kweupe, katikati ya umati wote ule?"

"Mu batu mingi njo kwenye banaibaka bien." Yaani penye umati ndipo watu huiba vizuri.

Hadithi yake ilikuwa ikikua kila nilipokaa kwenye kiti chake. Yule mama asiye na mtoto alimpeleka mji wa Rustenburg, akamsomesha. Wakati wa baridi mtoto wetu alikuwa mwalimu, lakini kufikia Pasaka alikuwa nesi, ameolewa na dereva wa malori, na mkwewe anamsumbua. Nilimuuliza msusi habari za mkwe amezitoa wapi. Akasema mkwe yupo kila mahali, hilo halihitaji ushahidi.

Jumamosi moja tulifunga safari mpaka mjini kulitafuta lile duka la viatu. Sasa mle wanauza mablanketi na masanduku. Nilisimama nyuma kabisa, nikatembea mpaka mlangoni, nikasimama pale nikitazama teksi zinavyopigiana honi, wauza matufaa, na mhubiri aliyekuwa akigombana na spika yake mwenyewe. Kisha nikarudi ndani nikatembea tena, na mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Msusi hakusaidia kitu. Alikuwa ameona blanketi lenye picha ya chui na alitaka kupunguziwa bei. Tulirudi Hillbrow na blanketi na bila jibu, na nilikuwa na furaha tele, sioni sababu ya kuficha. Watu wengine wanacheza gofu.

Kule kwenye kundi la simu wenzangu walikuwa wa kila aina. Kuna mwanamume anayechora ramani, na kuna bibi anayeota ndoto na kuzileta asubuhi zikiwa bado za moto. Jambo lililotugawa zaidi lilikuwa viatu. Baadhi ya magazeti ya wakati ule yalisema kiatu kimoja kipya kiliokotwa karibu na stesheni, mengine yakasema hakikuonekana chochote. Nilitamani kulijua hilo kama mtu anavyotamani chumvi. Lakini kuna jambo ambalo magazeti yote yaliafikiana. Mama wa mtoto alikataa mazishi. Ndugu walimsihi wazike hata nguo zake kwenye jeneza dogo, mtoto apumzike na wao wapumzike. Mama akasema yeye hamziki mtoto aliyekwenda mlangoni. Baba alifariki akiwa bado anamsihi.

Msusi alipenda sana sehemu hiyo. Kwake ilikuwa ushahidi kwamba mama anajua. Kwangu ilikuwa faili ambalo mteja hataki lifungwe, na kwetu kazini mafaili kama hayo ndiyo mengi.

Basi kuna kijana wa Kirundi mwenye spaza, kiduka cha mtaani, huko Diepsloot, kitongoji cha nje ya jiji. Akija mjini kununua bidhaa kwa jumla, humletea msusi wangu maboksi ya nywele za kusukia. Siku moja alitukuta tukibishana kuhusu kile kiatu, akatua boksi chini na kusikiliza.

"Munasema yule bibi ambaye mutoto wake alipotea mudukani?" akauliza. "Anakaa barabara yangu. Kila asubuhi ananunua mukate kwangu."

Haikuwa imetupitia akilini kwamba mama wa mtoto wetu hununua mkate. Nilimwomba kijana amuulize bibi kama tunaweza kwenda kumsalimu, na baada ya siku chache akaleta jibu. Bibi alisema kama wapo watu wanaopenda kuzungumza habari za binti yake, waje Jumamosi.

Mimi nilidhani tutakwenda wawili kwa gari langu. Msusi alinitazama kana kwamba nimependekeza twende na nguo za kulalia.

"Batu babili? Sisi ni polisi?"

Kwa mama kama yule, akasema, huendi wawili wala huendi mikono mitupu. Akawaambia wenzake wa umoja wa akina mama kanisani kwao, kanisa linalosali mjini kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa sinema. Jumamosi asubuhi nikawakuta wananisubiri barabarani, wamama wa haja, wote kitenge kimoja cha buluu na vilemba vya buluu. Walibeba mikate, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia na kreti mbili za soda. Mimi nilipewa kipande cha kitenge nijifunge juu ya suruali yangu ili nisiharibu mstari.

Tulikodi teksi, ambayo hapa ni basi dogo kama matatu ya kwetu. Dereva alikuwa akipiga muziki wa kutikisa madirisha, lakini alipotuona tunapanda na mikate yetu aliuzima mwenyewe, akasema neno la taratibu la Kizulu ambalo nililielewa kama pole. Nikadhani anaomba radhi kwa hali ya viti. Njia nzima aliendesha kama amebeba mayai. Kila roboti, maana taa za barabarani hapa huitwa hivyo, alisimama hata kabla haijawa nyekundu. Nikasema moyoni, kumbe wenye adabu wapo.

Huko Diepsloot teksi ilishindwa kuingia kwenye kichochoro kwa sababu ya maji yaliyotuama, tukashuka kutembea. Wamama wakaanza kuimba. Ndiyo desturi yao wanapokaribia nyumba ya mtu, ili mwenyeji asifumaniwe ameshika ndara anamchapa mtoto. Wimbo wenyewe ni wa furaha, ila huanza polepole na kwa sauti za chini, na furaha yake hufika baadaye sana. Kinyozi wa kando ya njia alizima mashine. Mzee mmoja akavua kofia. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo alituona, akaacha beseni lake matopeni na kukimbia mbele yetu kuelekea huko huko tulikokuwa tunakwenda. Nikazidi kunyoosha mgongo. Nilijiona mgeni rasmi.

Tulipofika getini, vijana wawili walikuwa wakitoa kochi nje. Nyuma yao ikatoka meza, kisha televisheni. Nikafikiri labda bibi anahama, na mbona kijana wa spaza hakutuambia. Halafu nikaona kupitia mlangoni godoro likitandikwa sakafuni, na yule mwanamke wa beseni akikigeuza kioo kikatazama ukuta, ndipo nikaelewa.

Nimeishi nchi hii miaka ya kutosha. Nimekwenda kuwapa pole wafanyakazi wenzangu Soweto, na najua. Hapa wamama wa kanisa wakija na sare zao nyumbani kwa mtu, wakiimba, wamebeba mikate na chai, ni msiba. Vyombo hutolewa sebuleni, vioo hugeuzwa, godoro hutandikwa chini, na mama mfiwa hukalishwa juu yake. Hilo nalijua kama ninavyojua kuendesha gari. Lakini kwetu sisi, mimi wa Nakuru na wao wa Kongo, sukari haina siri. Unampelekea aliyejifungua, unampelekea mgonjwa, unampelekea aliyehamia nyumba mpya na yule ambaye mwanawe amefaulu mtihani. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza sukari yetu itasema nini kwenye barabara ile. Na barabara ile yote ilikuwa imesubiri miaka na miaka kuona wamama wakiingia kwa bibi yule wanaimba.

"Dada, waambie wanyamaze," nikamwambia msusi. Yeye ndiye aliyekuwa anaongoza wimbo, na alikuwa amefumba macho. Ilibidi nimfinye.

Ndani, bibi alikuwa ameshakalishwa kwenye godoro, miguu ameinyoosha, blanketi mabegani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomtengeneza kichwani mwangu. Majirani wawili walimshika mikono huku na huku. Hakuwa analia. Alinitazama mimi, labda kwa sababu mimi peke yangu sikuwa na kilemba, akaniuliza kwa Kiingereza safi cha mtu aliyefanya kazi kwenye majiko ya watu maisha yake yote:

"Mmempata wapi?"

Mimi huwaambia watu kila siku kwamba madai yao yamekataliwa. Ninayo sauti maalumu ya kuwaambia. Siku hiyo haikufaa kitu. Msusi ndiye aliyepiga magoti sakafuni, na kwa Kizulu chake alichojifunzia kwenye vichwa vya wateja akamwambia, na hili hata mimi nililielewa: hatujampata, Gogo, yaani bibi. Tumekuja kukusalimu tu. Utusamehe, kwetu ndivyo tunavyosalimia.

Bibi alilitoa blanketi mabegani. Akalikunja ncha kwa ncha, taratibu, akamkabidhi jirani.

"Basi," akasema, "nirudishieni viti vyangu."

Kochi lililotoka kama maji likagoma kuingia. Vijana walilisimamisha, wakalilaza, wakaambiana maneno ambayo wamama wa kanisa waliamua kutoyaelewa. Mwanamke wa beseni alijaribu kuteleza atoke, bibi akamwita arudi akigeuze kioo alichokigeuza. Televisheni ilikataa kuwaka mpaka ilipopigwa kofi. Kijana wa spaza akaja mbio, ameshasikia, akasimama mlangoni na mikono kichwani.

"Eish, bamama," akasema. "Mimi nilimwambia wageni watakuja. Sikumwambia jeshi."

Bibi akacheka. Lilikuwa cheko fupi la puani, lakini lilitosha, maana baada yake kila mtu alipata mahali pa kukaa na birika likawekwa jikoni. Chai ilipikwa kwa majani yetu. Nilikaa kwenye lile kochi na kitenge changu cha kuazima, nimejaa aibu, na nikamwambia hivyo waziwazi.

"Kunywa," akanijibu. Kisha akarudi kwenye Kizulu, na msusi akawa anatufasiria kwa sauti ya chini. "Mnajua nilihisi nini niliposikia mnaimba? Nilihisi usingizi. Kama mtu ameniambia, haya, sasa unaweza kulala. Nilikaa kwenye godoro nikaona raha. Halafu nikaichukia ile raha."

Bibi akapuliza chai yake.

"Watoto wangu hawataki tena tumzungumzie," akasema. "Wananiambia nipumzike. Nyinyi mmetoka huko mjini na mikate kwa ajili yake. Mnasema nini kuhusu mwanangu?"

Msusi alinitazama. Nikaangalia kikombe changu. Basi akaanza yeye, kwa woga mwanzoni, habari ya mama mmoja ambaye hakuwa na mtoto. Alipofika Rustenburg woga ulikuwa umemtoka. Mkwe alimwacha nje, nikamshukuru kimoyomoyo. Bibi alisikiliza bila kumkatiza, kama mtu anayepokea salamu kutoka kwa binti aliyeolewa mbali, na msusi alipotulia akaanza kumuuliza.

"Huyo mwanamke, ni mwema?"

"Mwema sana, Gogo. Mkali kidogo, lakini mwema."

"Anapika?"

"Anapika vizuri."

"Alimnunulia viatu vingine? Vile vilikuwa vinabana. Nilimwona anavyotembea. Nilitaka kumwambia muuzaji alete saizi ya juu."

Mwaka mzima nilikuwa nimebeba swali langu la viatu. Nililimeza na chai.

"Alimnunulia, Gogo," msusi akasema. "Siku ile ile."

"Na nywele? Anamsuka?"

"Kila Jumapili."

Bibi akatikisa kichwa. "Basi anayo kazi. Mtoto yule anachukia kitana."

Kila mtu alicheka, hata yule wa kioo. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya aproni yake. Halafu akanigeukia mimi. Kijana wa spaza alikuwa ameshamwambia kazi yangu, na nadhani alikuwa amemwambia na mengine.

"Na wewe wa bima?" akaniuliza kwa Kiingereza. "Wewe unasema nini?"

Jibu nilikuwa nalo tangu zamani, na sababu zake zimepangwa vizuri. Lile godoro lilikuwa bado limeegemezwa ukutani, hakuna aliyekuwa amekumbuka kulirudisha chumbani. Msusi alinikazia macho yaliyosema kwamba kichwa changu kitarudi mikononi mwake mwisho wa mwezi. Hakukuwa na haja ya kunitisha.

"Nasema anachukia kitana, Gogo," nikajibu.

Alinitazama kwa muda. Natambua mtazamo ule, ndio ninaowatazama nao watu ambao magari yao yamejiwasha moto yenyewe. Kisha akachukua kikombe changu, akakijaza tena, akatia sukari, kijiko juu ya kijiko, bila kuniuliza kama naipenda. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Niliinywa yote.